Mayai ya Kuku wa Mama

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, ingawa wengi waliokuwapo tumekwisha kuwazika. Nilikuwa nimeamua kuinyamazia. Ila jana umenichokoza.

Ulikuja hapa kwa bibi yako na furaha yako ya ualimu mpya, ukakaa kwenye kiti cha marehemu babu yako, ukanieleza jinsi unavyofundisha michezo huko Masafu. Nilikusikiliza, tena kwa raha, maana unaongea kama yeye, mikono haitulii. Ukasema timu ya mpira ya wavulana inapewa mayai na maziwa siku za mazoezi kwa kuwa mashindano yamekaribia. Nikakuuliza, "Na wale wasichana wako wa mbio?" Ukacheka.

"Hao, jaja, nakula tu chakula ya kawaida. Hawalalamiki."

Hawalalamiki! Ukamaliza chai yangu, ukapanda pikipiki, ukaenda zako. Mimi nikabaki na neno lako hapa kifuani. Kwa hiyo leo utakaa, utatega sikio, na hiyo simu utaiweka mfukoni.

Nilikuwa msichana wa sekondari upande wa Tororo, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Lile jiwe kubwa la Tororo tuliliona kutoka kila dirisha la shule. Wasichana tulikuwa wachache, na mimi nilikimbia mbio za nusu maili. Usitabasamu. Magoti haya yanayolia nikipanda ngazi za kanisa yaliwahi kuwapita watu.

Aliyetuzoesha mbio alikuwa mwanamume mmoja aliyetoka jeshini, tukimwita Afande. Hakuwa mtu mbaya, ila alijua njia moja tu ya kumfundisha mtu, ile aliyofundishwa yeye. Kila alfajiri, kabla ya uji, sote tulizunguka barabara ya chini ya jiwe: mrusha mkuki, mruka juu, wa mbio fupi na wa mbio ndefu, kundi moja kama ng'ombe wa mnadani. Aliyebaki nyuma aliruka kichura mpaka alie. Kunywa maji kulikuwa kosa. "Maji navunja pumzi," alisema Afande. "Askari nakunywa akifika." Na sisi tulimwamini, maana alikuwa na filimbi.

Mashindano ya Mbale yalipokaribia, mwalimu mkuu aliwaomba wazazi walete chochote cha kuwatia wakimbiaji nguvu. Baba yangu alipenda kuonekana mbele ya watu, sina haja ya kumficha. Alikuwa baba yangu na nilimpenda. Alifunga kikapu cha mayai nyuma ya baiskeli akaja nacho mpaka shuleni. Yalikuwa mayai ya kuku wa mama, kuku niliokuwa nikiwafungulia asubuhi na kuwafungia jioni tangu nilipojua kutembea. Nilimwona akipita langoni, nikajivuna mbele ya wenzangu.

Labda wewe kijana wa leo hujui, au unajua na unajifanya hujui: kwetu mwanamke hakula yai. Wala kuku. Sisi Wapadhola hivyo, Wasamia hivyo, na majirani wengi hivyo hivyo. Mwanamke alimfuga kuku, akamnyonyoa, akampika, akaonja chumvi ya mchuzi kwa ncha ya ulimi na kutema, akampelekea mume firigisi juu ya sahani, kisha yeye akarudi jikoni kula ugali wa wimbi na mboga. Ukiuliza sababu, uliambiwa mwanamke akila yai hatazaa, na akizaa, mtoto atatoka bila nywele. Nashangaa mpaka leo jinsi madhara ya yai yalivyojua kuchagua. Yaliwatambua wanawake tu, wanaume yakawapita.

Basi ikaja siku ya majaribio ya kuchagua wa kwenda Mbale. Kwangu haikuwa safari tu. Baba alikuwa ameniahidi kwamba nikichaguliwa nitaendelea na masomo mpaka nimalize. Nisipochaguliwa, kulikuwa na mtu huko Rubongi, mwenye duka na mke tayari, aliyekwisha anza kuulizia habari zangu. Nilikuwa nikikimbia huku yule mtu yuko nyuma yangu, na hakuna mwingine uwanjani aliyemwona.

Alfajiri tulikuwa tumelizunguka jiwe kama kawaida. Chakula changu cha wiki nzima kilikuwa posho, yaani ugali wa mahindi, na maharage, na maharage yenyewe ya kuhesabu. Majaribio yakafanyika jua likiwa utosini. Niliongoza mpaka kona ya mwisho, kisha uwanja ukazunguka, majani yakanijia usoni, sikuona tena kitu. Nilipozinduka nilikuwa nimelowa. Walikuwa wamenimwagia ndoo nzima ya maji, yale yale niliyonyimwa, na Afande alikuwa amesimama juu yangu.

"Sasa hii nakwenda Mbale kufanya nini?" akasema. "Mwanamke ni mwanamke tu."

Asubuhi yake mwalimu mkuu alitangaza mbele ya shule nzima kwamba Mbale watakwenda wavulana peke yao. Wasichana hawana nguvu, akasema, na shule haiwezi kwenda kuaibishwa. Nilisimama mstarini nikiyatazama mawingu ili machozi yasimwagike.

Jioni hiyo, kwenye chumba cha kulia, zamu ilikuwa ya Mwalimu Nekesa. Huyu alikuwa Msamia kutoka Busia, upande wa Kenya, aliyekuja muhula ule kutufundisha biolojia. Alikuwa mwembamba mwenye sauti nene. Chuoni alisomea pia mambo ya michezo, ila shuleni kwetu hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alipita kati ya meza akafika kwa wavulana wa mbio. Mbele yao palikuwa na bakuli la mayai ya kuchemsha.

"Haya mayai yametoka wapi?" akauliza.

"Kwa kina Athieno, Mwalimu."

"Athieno huyu aliyeanguka jana?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na yeye amekula mangapi?"

Wavulana wakacheka kwelikweli. Walidhani anawatania. Mwalimu Nekesa akachukua yai moja, akalimenya polepole, akalila akiwa amesimama, hadharani, kana kwamba anakula muhogo. Kicheko kikakatika. Hata mpishi alitoka jikoni kutazama. Mwalimu alipomaliza akajifuta vidole, akasema:

"Kuku ni wa mama yake. Aliyewalisha ni yeye. Anayeanguka ni yeye, na wanaoshiba ni nyinyi. Halafu mnasema wasichana hawana nguvu. Watazitoa wapi, na nyinyi mmezitafuna?"

Akaja kwenye meza yetu akaliweka yai moja mbele yangu. "Sikulazimishi," akaniambia. "Lakini kesho njoo darasani, angalau ujue unachokikataa ni kitu gani."

Nililitazama yai lile mpaka kengele ikalia, nikaliacha pale pale. Niliogopa, na uoga wenyewe ulinikera.

Mwanangu, nisikilize hapa kama mwalimu kwa mwalimu, maana nami nilikuja kufundisha mpaka nikazeeka. Mwalimu Nekesa alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba apewe wakimbiaji wote, wavulana kwa wasichana, kila jioni, na wasichana wajaribiwe tena kabla ya safari. Mwalimu mkuu akakubali, nafikiri ili aondoke ofisini. Kesho yake tukajazana darasani, Afande akasimama dirishani amekunja mikono.

Alianza na nyumba ya udongo. Akatuuliza, mvua ikibomoa ukuta leo, kesho unafanya nini? Tukasema unakandika. Na ikibomoa kila siku, na wewe hukandiki? Tukasema utalala nje. "Basi mazoezi ndiyo mvua," akasema. "Yanabomoa. Chakula, maji na usingizi ndiyo udongo wako. Nyinyi mmenyeshewa mwaka mzima."

Kisha akachora wiki ubaoni. Siku ngumu ikafuatwa na siku nyepesi, na siku moja ya kupumzika kabisa. Mimi wa nusu maili akanifundisha kukimbia vipande kwa kasi na kutembea katikati, badala ya kujiburuza barabarani kila alfajiri kabla sijatia kitu tumboni. Mvulana mrusha mkuki aligundua siku ile kwamba amekimbia mwaka mzima kama tarishi na mkuki wenyewe hajaushika ipasavyo. Lakini Mwalimu hakutupatia wiki zake tuzimeze. Kila mmoja alitakiwa kupanga wiki yake na kuchora sahani yake, asimame mbele ya wenzake aitetee. Kwa nini dagaa hapa? Kwa nini siku ya mapumziko iko pale? Karanga umeziweka kabla au baada? Usipojua, ulirudi kukaa ukafikiri upya. Mimi nilikuwa sijawahi kuulizwa kwa nini na mtu mzima.

Zikafika habari za damu. Akasema wazi, mbele ya wavulana, kwamba msichana hupoteza damu kila mwezi na lazima airudishe kwa chakula. Wavulana wakaanza kuchekeana chini ya madawati. Akapiga meza mpaka chaki ikaruka. "Anayepoteza damu ndiye mnayemnyima maini, mnamnyima nyama ya kuku, mnamnyima yai la kujengea misuli, halafu akianguka mnamwita dhaifu! Haya, nani anacheka?" Hakucheka mtu. Nilitazama dirishani. Afande alikuwa ameikunjua ile mikono.

Kesho yake nilichukua yai jingine kule chumba cha kulia. Nililila nyuma ya bweni, peke yangu, nimefumba macho. Nikakaa nikingoja kichefuchefu, hakikuja. Nikangoja laana. Kengele ya hesabu ikalia, nikaenda kwenye hesabu.

Lakini shule ni mahali pa maneno, na maneno yakamfikia baba. Alikuja na baiskeli yake, jasho likimtoka, akataka kuonana na huyo mwalimu. Nikaitwa nami ofisini.

"Habari ya huko, mzee. Karibu kiti," Mwalimu Nekesa akamwambia.

"Sikai. Wewe umelisha mtoto wangu yai. Sasa nani ataoa yeye?"

"Mzee, naomba nikuulize kwa heshima. Ng'ombe wako wa maziwa akikonda, unafanya nini?"

"Naongeza yeye majani."

"Husemi amekonda kwa sababu ni jike?"

"Ng'ombe haiogopi laana," baba akasema.

"Na kuanguka mbele ya shule nzima kwa njaa, wakati mayai ya nyumbani kwao yanaliwa na wengine, hiyo ndiyo baraka?" Sauti yake haikupanda. "Mzee, ulipoleta kile kikapu ulisema ni cha wakimbiaji. Mtoto wako ni mkimbiaji. Au hukujua?"

Baba akanigeukia. "Wewe umekula?"

"Nimekula, baba."

"Utakula tena?"

Nilimtazama Mwalimu anisaidie. Akageuza uso akatazama nje. Nilimchukia kwa kuniacha peke yangu, na maisha yangu yote baadaye nimemshukuru.

"Nitakula, baba."

Hakunipiga, hakunitukana. Alichukua kikapu chake kitupu, akakifunga kwenye baiskeli, akaenda. Tangu hapo hakuna yai la kwetu lililofika shuleni. Mwalimu Nekesa alikuwa akivuka mpaka mwisho wa juma kwenda kwao, na wakati ule kuvuka kulikuwa kama kwenda kwa jirani. Akawa anarudi na furushi la dagaa na mayai yaliyofungwa ndani ya majani makavu ya migomba. Wasichana wengine walikula, wengine walikataa, naye hakumsema aliyekataa. Waliokataa aliwaongezea kunde, dagaa na simsim.

Tukajaribiwa tena wiki ya safari. Mara hii ilikuwa asubuhi, tumekunywa uji mapema, na kabla ya kuanza Mwalimu alitunywesha maji mbele ya macho ya Afande. Nilikimbia. Ile kona ya mwisho niliipita nikiliona kila jani lake. Afande aliitazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni, akaitazama tena.

"Hii nakwenda Mbale," akasema, na ninamheshimu kwa kuwa alilisema kwa sauti, watu wote wakasikia.

Mbale nilikuwa wa pili. Aliyenishinda alitoka shule ya masista, na nilipoongea naye niligundua alikuwa akila vizuri tangu utotoni. Mzee wa Rubongi alitafuta kwingine. Baba alipongezwa kanisani Jumapili nzima, kila mtu akimshika mkono, naye akazipokea pongezi kama alivyozoea kupokea firigisi. Lakini ahadi yake aliitimiza, nikamaliza shule. Hilo simnyimi.

Sasa sikia hili, kwa sababu ndilo lililonifanya nikuite.

Likizo ilipofika nilirudi nyumbani. Baba alikuwa anaongea na mimi kupitia watu wengine. "Mwambieni Athieno alete maji." Mama hakusema neno, si la yai wala la Mbale. Asubuhi moja baba alipokwenda kwenye pombe ya jirani, mama akaniita nyuma ya jikoni. Alikuwa amechuchumaa, anatazama njia. Kwenye majivu ya moto palikuwa na yai moja.

"Athieno," akaninong'oneza, "lina ladha gani?"

Mwanangu, mama yangu alikuwa amefuga kuku tangu alipoolewa. Mikono yake ilijua yai zima na yai viza kwa kulitikisa tu. Alikuwa amewachemshia baba, kaka zangu, wachungaji, wageni na maafisa wa serikali. Na alikuwa akiniuliza mimi, mtoto wake wa mwisho, lina ladha gani.

Nililitoa majivuni, nikalimenya, nikampa nusu. Aliishika kama kitu kinachoweza kumuuma. Akatia mdomoni, akatafuna, akameza. Nilingoja atabasamu. Hakutabasamu. Alinitazama, na sijawahi kuona macho ya mama yangu yakiwa vile, kabla wala baada.

"Ni hii tu?" akasema.

"Ni hiyo tu, mama."

"Kumbe ni chakula tu."

Akalia. Hakulia kwa huzuni, nilimjua. Alilia kwa hasira, amekunja ngumi mapajani, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Kama angalau lingekuwa na ladha ya peponi, angejua alichonyimwa kilikuwa kitu kikubwa. Lakini lilikuwa yai. Walikuwa wamemnyima maisha yake yote kitu cha kawaida, na yeye ndiye aliyekuwa akikibeba sahanini kuwapelekea.

Nikala nusu yangu. Akazika maganda kwenye majivu, akajifuta uso kwa kanga, akaenda kuwapa kuku maji.

Basi ndiyo hayo, mwanangu, na hasira yangu umeiona, sikuificha. Sahani ya mkimbiaji ipime kwa kazi ya mwili wake, usiipime kwa sauti yake. Kila mtoto mpangie mazoezi ya mbio zake na siku ya kupumzika, na umfundishe sababu ili siku usipokuwapo ajipangie mwenyewe. Maji usimnyime mtu. Chakula kikiwa kidogo, kigawe kidogo kwa wote, na atakayekuuliza kwa nini, mjibu. Msichana akinyamaza mbele ya sahani yake, usichukue kimya chake ukakifanya ruhusa. Mama yangu aliwapikia wanaume mayai tangu alipoolewa, na hakuwahi kulalamika.

Sasa nenda. Kuku wangu wametaga, kikapu kiko hapo mlangoni, kifunge vizuri kwenye pikipiki yasivunjike njiani. Waambie wale wasichana wako yametoka kwangu, nao ndio watakula kwanza, wewe ukiwa umesimama unaona. Mungu aipe miguu yao nguvu, akupe wewe macho ya kuona aliye na njaa kabla hajaanguka, na akurudishe hapa salama na kikapu kitupu.